Chumvi Waliyoacha Kukopa

Mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, mama yetu Marthe, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Mbarara, marehemu baba yetu hakutaka historia yake ianze na tarehe ya kuzaliwa, alitaka ianze na sauti, nami naisoma kama alivyoniandikisha: ilikuwa nyundo, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 2011, kijijini kwetu Kalolelwa, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, nyundo ikigonga vigingi vya hema, lakini haikuwa inavipigilia, ilikuwa inavilegeza, pigo moja upande huu, pigo moja upande ule, kisha kimya kidogo cha mtu anayevuta chuma kutoka ardhini, na baba alitambua tofauti hiyo kabla hajafumbua macho, kwa kuwa miaka miwili na nusu kabla ya hapo alisimama kwenye kiwanja hicho hicho akisikia vigingi hivyo hivyo vikiingia.

Mimi ni Pascaline, mtoto wake wa pili. Najua mlitarajia asome kaka yangu Joël, ndiyo desturi, lakini baba alinichagua mimi, alisema, "Pascaline akiogopa anasoma mbio, na mutu mwenye anasoma mbio hana nafasi ya kuongeza," basi mnisamehe nikisoma mbio, naogopa kweli, mwanangu Gradi ana miezi mitano na sasa hivi amelala mgongoni mwa mama Ancilla pale nyuma, na mtaelewa muda si mrefu kwa nini nimelitaja jina hilo. Jambo la pili aliloagiza ni kwamba historia isomwe kabla ya udongo, si baada yake, ili kila anayeshika udongo ajue anaumwagia nani, na asiyetaka kuushika asiulizwe na mtu.

Marehemu Modeste Wilondja alizaliwa tarehe 3 Juni 1964 hapo Kalolelwa, mtoto wa nne kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, halafu sekondari Baraka na baadaye Uvira, ambako alipata diploma yake ya serikali mwezi wa Julai 1984, na walimu wake walimkumbuka kwa maswali kuliko kwa alama, maana alikuwa mtoto wa kuuliza mvua imetoka wapi wakati wenzake wanakimbia kuanua nguo. Alirudi kijijini kufundisha Kifaransa na Kiswahili, akafundisha miaka mingi, na tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu Marthe, wakajaliwa watoto watatu, Joël mwaka 1992, mimi mwaka 2000, na Eliane mwaka 2006.

Sasa kazi yake ya pili, ambayo wengi wenu mnaijua kwa upande mmoja tu. Mwezi wa Februari 2009 lilikuja jeshi la nchi rafiki kutulinda, na nchi yenyewe baba hakutaka itajwe, alisema ukitaja jina la nchi watu wanaacha kusikiliza jambo, wanaanza kubishana juu ya nchi. Wakati huo sisi watu wa Kalolelwa tulikuwa tunalala porini kila usiku kwa sababu ya watu wa bunduki, mikeka kichwani, watoto mgongoni, na asubuhi tunarudi kupika. Komanda wa jeshi hilo alisema Kifaransa, hakukuwa na mwingine wa kumtafsiria, akachukuliwa baba, na tarehe 21 Februari 2009 kulikuwa na mkutano kanisani, jeshi likiomba kiwanja kilicho karibu na chemchemi, na wazee wakauliza swali moja tu, "Mutakaa mpaka lini?"

Komanda alijibu kwamba watakaa muda ambao nchi yao itawaamuru kukaa, hakusema zaidi ya hapo. Baba aliona wazee wanatazama chini, akajua kiwanja kitakataliwa, na kikikataliwa jeshi litapiga hema kule machimboni, mwendo wa saa nne, nasi tutabaki kama tulivyokuwa. Kwetu, mnajua, mgeni aliyekula kwako haondoki bila kusimama mlangoni na kuaga, hata kama amelala usiku mmoja, hata kama mmegombana, na anayeondoka bila kuaga nyumba nzima inaanza kutafuta kilichopotea. Basi baba alitafsiri maneno ya komanda, kisha akaongeza ya kwake, akasema, "Na siku ya kuenda, watapita nyumba kwa nyumba, watatuaga." Wazee wakainua vichwa. Komanda naye, kuona watu wanatabasamu, akatabasamu, akampa baba mkono, na kiwanja kikatolewa, na tangu wiki ile watu waliacha kulala porini, wakalala majumbani mwao, wakitegemea kwamba siku ya hatari watagongewa mlango.

Nchi ile haikuahidi. Aliyeahidi ni baba yetu. Hilo ndilo la kwanza aliloniambia niwasomee, naomba mnivumilie, kuna la pili.

Alitaka pia mjue kwamba wale askari hawakuwa watu wabaya, na kwamba kuaminiwa kwao hakukuwa kwa bure, alilichunguza jambo hilo kama mtu anayechunguza mbegu. Alisema bunduki hazikuwafanya waaminiwe, wala bendera, maana bunduki tulikwisha kuziona na bendera pia. Waliaminiwa kwa sababu mmoja wao alivunja benchi la kanisa kwa kulikalia vibaya, na kesho yake akaja mwenyewe na ubao na misumari bila kutumwa. Waliaminiwa kwa sababu tulipomzika katekista wetu walishika udongo kama sisi. Na zaidi ya yote, alisema, waliaminiwa kwa sababu walikuwa wanakopa, leo chumvi, kesho sufuria, keshokutwa shoka, na watoto wetu walikuwa wanatumwa kambini kudai, "Mama anasema murudishe kinu," na soda, askari mkubwa mzima, anatoka mbio na kinu begani, watu wanacheka.

Sasa nasoma usiku wenyewe. Baba aliposikia nyundo alikwenda kambini, akamkuta komanda, si yule wa kwanza, alikuwa wa tatu, naye akamwambia amri imefika jioni, wanaondoka, na akamwomba asimwambie mtu mpaka malori yapite daraja la mto, kwa sababu watu wakijua, wanawake watalala barabarani mbele ya magurudumu, naye hana amri ya kukaa wala moyo wa kukanyaga watu, na kwa kunyamaza huko alimpa nafasi ya familia yake kwenye lori la mwisho. Baba alikubali. Alirudi kutuamsha, na njiani aligonga mlango mmoja tu, wa nyumba iliyokuwa na taa kwa kuwa mtoto alikuwa analia, akawaambia watoke washuke mtoni sasa hivi, na akawaomba wasimwambie mtu mwingine. Halafu tukapanda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikaa juu ya kamba za mahema, vigingi vilikuwa bado na udongo wa kwetu, nakumbuka nilikuwa naubandua kwa kidole, sikujua ni nini.

Watu wa bunduki waliingia Kalolelwa alfajiri. Watu kumi na mmoja walikufa, mmoja wao mume wa mama Ancilla, na majina yao yote baba aliyaandika katika daftari hili kwa mkono wake, mchungaji atayasoma kwenye sala. Walikutwa wamelala majumbani.

Kwa miaka kumi na minne familia yetu iliwaambia kwamba usiku ule tulikuwa tumekwenda sokoni Baraka tangu jana yake. Hata mimi nililisema hilo, nililisema shuleni, nililisema kwenye foleni ya posho, nilimwambia mama Ancilla mwenyewe siku aliyonisaidia kuzaa, na naliondoa leo, hatukuwa Baraka.

Tulipita Uvira, Bukavu, Goma, tukavuka mpaka Bunagana tukaingia Uganda, na tarehe 9 Oktoba 2011 tulifika kambi hii ya Nakivale, tukapokelewa pale kituo cha Kabazana, na hapo likatokea jambo ambalo baba alilieleza mara nyingi, na wengi mlidhani ni utani. Kulikuwa na karani wa kuandikisha watu, dada wa Kinyankore anaitwa Evas, jioni moja akasimama mbele ya foleni, akasema kwa Kiswahili chake, "Nyinyi watu, mimi kesho siko, nimepewa likizo, kesho kuja Bob, msinitafute mkafikiri nimewatupa," akafunga daftari lake akaenda, na baba akakaa chini pale pale kwenye vumbi akalia, mama akafikiri anaumwa. Yule dada alikuwa mtu wa kwanza wa serikali yoyote kumuaga. Baba alisema tangu dakika ile akaanza kuiamini nchi hii, hakungoja kupewa kiwanja, hakungoja turubai, na kesho yake akaja Bob kweli.

Baada ya kupata kiwanja mwezi wa Desemba 2011 alilima mahindi na maharage, na watu wa Kalolelwa nao wakafika, mmoja mmoja, wengi wakawekwa kijiji hiki hiki, ndipo alipoanza maswali yake. Mnamkumbuka pale bombani, anabeba dumu lake la njano, anauliza kila mtu jambo moja, ni siku gani uliacha kuwaamini wale basoda, na mlikuwa mnamtania, mama Nathalie ndiye aliyemwambia, "Papa Joël, unauliza sawa mutu wa HCR ya wakimbizi, lakini haugawe hata sabuni." Alicheka, akauliza tena. Aliniambia hakuuliza kwa ajili ya kujitetea, alitaka kujua kweli, maana alifikiri wote watataja usiku ule, na alishangaa kwamba hakuna hata mmoja aliyeutaja. Kila mtu alikuwa na siku yake ya nyuma. Mmoja alisema ni siku walipoanza kumtuma Modeste na barua badala ya kuja wenyewe, mwingine alisema ni siku komanda mpya alipopita msibani na vioo vya gari vimefungwa, mwingine alisema ni pale walipoacha kuwauliza watoto majina.

Na mama Ancilla, ilikuwa tarehe 6 Machi 2016, baba aliandika hata tarehe, alitua dumu lake, akasema, "Mi niliacha kubaamini siku baliacha kukopa chumvi. Walianza kuletewa yao kwa lori, kila kitu yao, mingi. Mutu mwenye hakukopi kitu, siku ya kuenda hana cha kurudisha, atakuja kwako kufanya nini?" Baba aliniambia alibaki pale bombani na dumu tupu mpaka watu wakampita kwenye foleni, kwa sababu alikuwa amesoma miaka yote ile, amefundisha miaka yote ile, na jibu lilikuwa kwa mwanamke ambaye yeye hakumgongea mlango.

Katika miaka hiyo alikuwa akitafsiri bure zahanatini, na pia kati ya wakulima wetu na wafugaji wa Endiinzi ng'ombe wanapoingia mahindini, na mnajua alivyokuwa, hakulainisha neno hata moja, mfugaji akisema ninyi ni wajinga baba anawageukia anasema, "Anasema ninyi ni wajinga," na mkulima akijibu tusi baba analipeleka lote kama lilivyo, watu wanakasirika, halafu wanaanza kucheka, halafu wanapatana. Shirika moja lililomwajiri mwaka 2018 lilimwachisha kazi baada ya miezi mitatu kwa sababu hiyo, walitaka mtu mwenye adabu. Hamkujua kwa nini alikuwa hivyo, sasa mnajua.

Alikuwa akienda Mbarara kila mwezi kuuza maharage, na tangu mwaka 2014 alikuwa akilala huko mtaa wa Nyamityobora kwa mzee Kezironi, askari mstaafu, ambaye yuko hapa na mke wake Jolly. Mzee Kezironi naye aliwahi kupelekwa nje kulinda watu wa nchi nyingine, wakaondolewa ghafla, na alipotoka alikuwa na sufuria ya mama mmoja wa kule, aliyoazima kupikia posho, hakupata nafasi ya kuirudisha, akarudi nayo Uganda, akaiweka juu ya kabati isipikiwe. Jolly ndiye alimwambia baba habari hiyo akicheka, "Huyu mwanaume hakuogopa risasi, anaogopa sufuria," na mzee akajibu, "Sisi tulikuwa tunaambiwa panda gari, tunapanda, hakuna kuuliza. Lakini hii iko na mwenyewe, ssebo, bwana wangu. Mimi nikipika ndani nitakuwa nimeiba." Baba aliomba aishushe, akaishika, akaigeuza, akauliza yule mama alikuwa anaitwa nani, nyumba yake ilikuwa upande gani wa barabara, alikuwa anaweka chumvi kiasi gani, na wale wazee wawili wakakaa mpaka usiku wakiuliza na kujibu, mmoja ndiye aliyeachwa, mmoja ndiye aliyeondoka, hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Baba alisema jioni ile alijua kwamba hata upande ule wa pili kuna mtu ambaye bado hajaaga.

Alianza kuumwa figo mwezi wa Novemba 2024, miguu ikavimba, akatibiwa hapa zahanatini, na tarehe 2 Mei 2025 alihamishiwa hospitali Mbarara, ambako nilimuuguza mimi na mtoto mgongoni, Joël akija jioni akitoka gereji anakofanya kazi, na ndiko aliponiandikisha haya, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimwambia, Papa, tuache hiki kipande cha lori, wewe utakuwa umeenda, mimi ndiye nitabaki, kesho nitachota maji kwenye bomba lile lile, nitaazima jembe kwa watu wale wale, mtoto wangu nani atamshika. Akasema, "Mi niliongeza mara moja katika maisha yangu. We usipunguze hata mara moja." Nilikasirika, nawaambia ukweli, nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye ngazi, na nilipokuwa nimekaa pale nikajiuliza ni nini hasa ninachokiogopa, kwamba mtaacha kutuamini, au kwamba mlikwisha kuacha zamani, siku moja ambayo sikuiona, nanyi mmekuwa tu mnatuvumilia. Hilo sijui bado. Ningependa kujua, kama siku moja bombani mtu atakubali kuniambia.

Marehemu alituaga sote. Tarehe 10 Juni alimshika mkono mama, akamshika Joël, akamshika Eliane, akanishika mimi, akamshika na Gradi, akamwambia kila mmoja kwamba anaondoka, na tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, aliondoka, akiwa na miaka sitini na moja na siku nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara, hasa yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akinishikia mtoto nilale, inawashukuru wahudumu wa zahanati yetu, mwenyekiti, mchungaji, vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, wafugaji wa Endiinzi walioleta maziwa ya msiba, na wakulima ambao mahindi yao baba aliyatetea kwa maneno makali. Tunamshukuru mzee Kezironi na mama Jolly, waliokuja na ile sufuria. Imewekwa pale kando ya kaburi, ina maji ya kunawa mikono baada ya udongo, mzee amesema mwenye sufuria angekubali, na anayetaka kunawa anawe, na asiyeshika udongo anawe pia, maji ni ya wote. Tunakushukuru mama Ancilla, kwa chumvi tuliyokopa kwako juzi kupikia wageni, tutairudisha.

Nenda ukapumzike, Papa, neno lako limefika bila nyongeza. Kipo kimoja tu ambacho hakimo katika daftari, ni jina la nyumba ile yenye taa, ulilonitajia asubuhi ya mwisho, nami nikakuuliza kwa nini unanipa mzigo huo tena, ukasema ni ili huyo mtu asibaki nao peke yake. Basi wewe uliyegongewa mlango usiku ule, kama uko hapa, kama miaka yote hii umekaa kati ya wajane ukijiuliza kwa nini wewe, ujue kwamba mtoto wako alikuwa analia na taa ilikuwa inawaka, hakuna sababu nyingine, hukumwibia mtu usingizi wake, na jina lako ninalo mimi, na sitamwambia mtu mwingine.